Shangazi, nna B- na hesabu C-, baiokemia ntaingia kweli?

Asalaam aleikum Shangazi,

Natumai u mzima wewe na watu wako. Mimi ni msichana wa miaka 19 natoka Malindi, nimemaliza fom foo na matokeo ndo hayo yashatoka. Nisamehe nikiandika mrefu manake kwetu mimi ndo wa kwanza kufika hapa, hakuna aliyesoma chuo wa kumuuliza na kila mtu ananambia lake.

Wastani wangu ni B-. Kiswahili B+, IRE (somo la dini ya Kiislamu) B+, bayolojia B, Kiingereza B-, biashara B-, kemia C+, jiografia C+, na hesabu ndo hio C-. Fizikia niliiwacha nilipoingia fom thrii, mwalimu wa fizikia alikua mara yuko mara hayuko nikaona heri nguvu zangu niziweke kwenye bayolojia.

Nataka kusoma baiokemia. Sababu ni mdogo wangu, ana siko seli, ule ugonjwa wa damu, tangu mchanga. Mimi ndo nnaelala nae wodini akizidiwa kwa sababu mama lazima aamke saa tisa usiku akaange mahamri, asipouza hatuli. Nshazoea kuona damu inatolewa inapelekwa maabara inarudi karatasi. Nikiuliza kwanini damu ya mtu igeuke vile naambiwa ni ugonjwa wa kurithi. Sawa hilo nalijua, lakini kwanini? Siku moja kijana wa maabara alinihurumia akaniita nichungulie kwenye hadubini, nikaziona seli za mdogo wangu zimepinda kama mundu kweli kweli. Toka siku hio nimesema mimi kazi yangu ni hii.

Sasa mjomba anasema soma baiokemia miaka miwili alafu uhamie udaktari, eti ndo njia ya mkato. Mama anataka uuguzi. Rafiki yangu anasema baiokemia ni kozi ya watu wanaokaa nyumbani na digrii. Mwalimu wangu kasema C+ ya wastani yatosha kwa digrii yoyote, lakini nikiingia kwenye potali ya KUCCPS, wale wanaopanga wanafunzi vyuoni, naona klasta, naona katofu, naona masomo yamepangwa na alama zake, sielewi nishike lipi.

Je nnafaa? Hio C- ya hesabu itanizuia? Kukosa fizikia je? Na nikimaliza ntaweza kufanya kazi maabara ya hospitali kama yule kijana?

Wako,
Niko njia panda, Malindi


Waaleikum salaam mwanangu. Barua yako nimeisoma mara tatu, na ya tatu nilisimama pale kwenye hadubini nikakaa nayo kidogo, manake mimi mwenyewe nimesoma baiokemia na najua ile hali ya kuona kitu kwa macho yako ukajua hutalala mpaka ukielewe. Kwa hivo ntakujibu kama mtu wa ndani, na ntaanza na swali lako la mwisho kwa sababu hilo ndo lenye kuumiza watu wengi na hakuna anaewaambia mapema.

Hapana. Ukisoma digrii ya baiokemia Kenya hii huwi kama yule kijana. Kazi ya kupima damu ya wagonjwa hospitalini ni kazi ya leseni, inasimamiwa na bodi ya wataalamu wa maabara za matibabu, ile KMLTTB iliyoundwa kwa sheria ya mwaka 1999, na bodi inasajili waliosoma sayansi ya maabara ya matibabu kwenye programu iliyoikubali. Baiokemia ni kozi nyengine. Inafanana kwa jina la yuniti, hata utasoma baiokemia ya kliniki mwaka wa nne, utajua sukari ya damu inapimwaje na ini likiharibika ni vimeng'enya gani (zile protini zinazoharakisha kazi za mwili) vinapanda, lakini leseni huna. Darasa letu tulikua na wenzetu waliojua hili siku wanapeleka maombi ya kazi, miaka minne ishapita, mtu amesimama dirishani na vyeti vyake anaambiwa namba yako ya bodi iko wapi. Mmoja alirudi kusoma upya diploma ya maabara ilhali ana digrii mkononi. Nilimuona akilia na sijasahau. Ndo kisa rafiki yako amesikia hayo maneno ya watu kukaa nyumbani, si kwamba kozi haina kazi, ni kwamba watu waliingia wakitafuta kazi ya kozi nyengine.

Sasa turudi mlangoni, kuingia.

Mwalimu wako amesema kweli lakini ni robo ya ukweli. C+ ya wastani ndo kizingiti cha digrii Kenya, chini ya hapo KUCCPS haikuweki digrii, na wewe una B- kwa hivo hapo umevuka. Lakini baada ya hapo kuna vitu viwili na watu huvichanganya.

Cha kwanza ni alama ya chini ya kila somo. Ukifungua kozi yenyewe kwenye potali, usiangalie jina la chuo kwanza, shuka chini utaona masomo yamepangwa na kando yake alama, kwa mfano kemia C+, bayolojia C+, hesabu C au fizikia C, inategemea chuo. Hio ni sheria, haina huruma. Kama imeandikwa hesabu C na wewe una C- basi kozi hio kwa chuo hicho imefungwa hata ungekua na A ya Kiswahili. Kama imeandikwa hesabu AU fizikia, wewe huna fizikia, kwa hivo kwako inabaki hesabu peke yake. Ndo maana kuiwacha fizikia si kosa lenyewe, wengi wameingia bila fizikia, ila umebaki na mguu mmoja wa kusimamia na mguu huo ni C-. Kwa hivo jibu la swali lako la hesabu ni kwamba yaweza kukuzuia mahali na isikuzuie mahali pengine, na hakuna njia ya kujua ila kufungua kozi moja moja. Nairobi iko baiokemia, kule Chiromo, iko JKUAT, iko Kenyatta, iko Egerton, na karibu nawe kabisa iko Chuo Kikuu cha Pwani pale Kilifi. Zifungue zote uandike kwenye daftari kila moja inadai nini, usimtegemee mtu wa saiba, pale pa kulipia intaneti, akufungulie haraka haraka ukalipa ukatoka hujaelewa kitu.

Cha pili ni klasta. Hapa wanachukua masomo manne yanayohusu kozi, kila moja juu kabisa ni pointi 12, jumla 48, alafu wanayachanganya na matokeo yako kwa jumla. Tazama wewe wastani wako umebebwa na nani, umebebwa na IRE pointi 10, Kiswahili 10, Kiingereza 8, biashara 8. Bayolojia imekusaidia, ina 9. Lakini kemia ni 7 na hesabu ni 5, na kozi kama hii uzito wake uko kwenye bayolojia, kemia na hesabu. Kwa hivo yuaweza kuja mtu ana C+ ya wastani lakini kemia B na hesabu B- akakupita kwenye klasta ilhali kwenye wastani wewe uko juu yake. Usishangae ikitokea na usidhani umeonewa.

Na katofu si sharti, hili watu hawalielewi kabisa. Katofu unayoiona pale ni pointi za mtu wa mwisho aliyeingia mwaka uliopita. Mwaka huu wakiomba wachache inashuka, wakiomba wengi inapanda. Kwa hivo ukiona umepungukiwa na pointi moja usiikimbie kozi, na ukiona umepita kwa nusu pointi usijione ushaingia.

Hayo ndo ya karatasi, lakini mwanangu kuingia ni siku moja na kusoma ni miaka minne, kwa hivo sikiliza na hili.

Watu wanaopenda bayolojia huingia baiokemia wakidhani ni bayolojia yenye jina refu. Siyo, ni kemia. Ni kemia iliyohamia ndani ya kitu kilicho hai. Mwaka wa kwanza utakutana na kemia ya jumla, hesabu, takwimu, seli. Mwaka wa pili asidi amino, protini, vimeng'enya, wanga, mafuta na kemia kaboni juu yake. Wa tatu ndo njia zenyewe, chakula kinavyovunjwa hatua kwa hatua mpaka kikawa nguvu, ule mzunguko wa Krebs wa 1937 ambao utauchora mpaka uuote, na jenetiki ya molekuli, na atachimenti, yaani mazoezi kazini. Wa nne una mradi wako wa utafiti. Hesabu iko kila mahali, si ngumu ya kutisha lakini haikuachi: logi utazikuta kwenye pH, kile kipimo cha ukali wa asidi, na bafa, mchanganyiko unaoizuia pH isibadilike, grafu utazichora kwenye kasi ya vimeng'enya, ule mlinganyo wa Michaelis na Menten wa 1913, na kuzimua dawa maabarani ni uwiano mtupu, ukikosea desimali moja praktikali ya masaa matatu imekwenda. Mimi mtihani wangu wa kwanza wa vimeng'enya nilipata sapu, yaani kurudia mtihani, na haikua baiokemia iliyoniangusha, ilikua logi za fom thrii nilizozipita juu juu nikidhani nshazimaliza. Nikakaa likizo nzima na kitabu cha sekondari. Kwa hivo hio C- yako hata ikikubaliwa na chuo, usiingie nayo vile vile. Una miezi hapo katikati, chukua logi, uwiano, grafu na dhana ya moli kutoka kemia, tafuta hata mwanafunzi wa chuo akufundishe jioni.

Na sasa ule moyo wako wa kuuliza kwanini. Ngoja nikujibu, manake umeuliza ukiwa wodini na hakuna aliyekujibu. Himoglobini ya mdogo wako ni protini, na protini ni mnyororo wa asidi amino. Mnyororo mmoja wapo, unaoitwa beta, una asidi amino 146. Ya 6 ilitakiwa iwe asidi glutamiki, yake yeye imekaa valini. Moja tu kati ya 146. Glutamiki inapenda maji, valini inayakimbia, kwa hivo oksijeni ikipungua zile himoglobini zinashikana moja na nyengine, valini ya hii inajificha kwenye mwili wa ile, zinapangana kama nyuzi ndefu na nyuzi ndo zinaivuta seli mpaka inapinda. Ule mundu ulioona ndo huo. Linus Pauling na wenzake walionyesha mwaka 1949 kwamba tatizo liko kwenye molekuli yenyewe, na Vernon Ingram miaka ya 1950 akaonyesha ni hio asidi amino moja. Na mwaka huo huo wa 1949 Anthony Allison, aliyekulia hapa Kenya, alizunguka akichukua damu za watu akakuta wanaobeba chembe hio ya urithi ni wengi huku kwetu pwani na kule kando ya ziwa Viktoria, na milimani ni wachache, na mwaka 1954 akaonyesha kwamba mtu aliyerithi kwa mzazi mmoja tu anapata kinga dhidi ya malaria. Kwa hivo ilikaa kwetu kwa sababu mbu wako kwetu. Hii ndo baiokemia mwanangu. Ukiwa umesoma aya hii mara mbili na unataka kuuliza tena, kozi hii ni yako kwa moyo.

Nyengine iko jikoni kwenu. Muhogo mchungu bibi anaurowesha na kuuanika kwa sababu una kitu ambacho ukipondwa kimeng'enya chake chenyewe kinakigeuza kikatoa sianidi. Tembo la mnazi asubuhi ni tamu, jioni ni kali, ukiliwacha siku kadhaa ni siki, hapo hamira inakula sukari inatoa pombe alafu bakteria wanaichukua pombe. Mtu wa baiokemia anaona hizo njia zote.

Kazi zipo, ila ujue ziko wapi. Mimi nilianza kiwanda cha maziwa, naamka saa kumi alfajiri kupokea malori, napima uzito wa maziwa kwa laktomita kujua kama yametiwa maji, napima mafuta, naangalia mabaki ya dawa za ng'ombe. Sasa niko kwenye upimaji wa maji. Wenzangu wako viwanda vya vinywaji, wako ukaguzi wa viwango, mmoja yuko utafiti wa wadudu pale icipe Nairobi. Na wewe una bahati moja kubwa, Kilifi pana kituo cha utafiti cha KEMRI na Wellcome Trust, kiko pale tangu 1989, na siko seli ni miongoni mwa vitu wanavyochunguza. Kazi za utafiti ni za mikataba ya mwaka au miwili, zinakuja na kuondoka na mradi, ukitaka kupanda lazima masta na baada yake uzamifu. Ni njia nzuri lakini ni ndefu.

Kuhusu mjomba, mheshimu lakini usimfuate kwa hili. Hakuna mlango wa pembeni mwaka wa pili unaokutoa baiokemia ukakuingiza udaktari. Udaktari unadai B ya wastani na B kwenye bayolojia na kemia, na wewe kemia una C+. Wapo waliomaliza digrii ya sayansi kwa alama nzuri wakaomba udaktari wakakubaliwa, lakini huanza upya, miaka sita, na wengi kwa kujilipia. Minne na sita ni kumi, na internishipu ya mwaka juu yake. Mama yako atakaanga mahamri mpaka lini?

Na hapo kwa mama ndo nimefikiria sana. Ungekua huna mzigo nyumbani ningekwambia baiokemia chaguo la kwanza wala usigeuke. Lakini umenambia asipouza hamli, na kuna mtoto mgonjwa. Kwa hivo, na inaniuma kuandika hivi kwa sababu kozi yangu naipenda, mimi ningekua wewe ningetanguliza digrii ya sayansi ya maabara ya matibabu, ambayo pia ina safu yake ya alama za masomo uikague vile vile kwa C- yako, alafu baiokemia ndo ifuate. Ukimaliza maabara ya matibabu una leseni, una mshahara, na bado waweza kufanya masta ya baiokemia ukaingia huko kwenye kwanini. Aliyetangulia baiokemia akitaka leseni anaanza mwanzo. Njia moja ina kurudi nyengine haina. Na digrii zote zikikataa hesabu yako, KMTC, chuo cha serikali cha mafunzo ya matibabu, wana diploma ya maabara ya matibabu, miaka mitatu, wastani C, wewe uko juu ya hapo, na baadae waweza kuendelea digrii. Au diploma ya kemia ya uchambuzi kwenye chuo cha ufundi kama ni baiokemia ya viwandani unayoitaka. Kurudia fom foo kwa ajili ya hesabu peke yake sikushauri kabla hujazikagua zote hizi.

Mama mwambie hivi, uuguzi ni kazi ya heshima na huikatai kwa dharau, ila nawe una chako ulichokiona kwa macho. Mkalishe umuonyeshe kwenye daftari, kozi hii ni miaka mingapi, leseni iko au haiko, mshahara unaanza lini. Mama anaeamka saa tisa anaelewa hesabu kuliko sote. Na fomu za mkopo na ufadhili, HELB na HEF, jaza wewe mwenyewe na mama ukiwa nae kando, hali yenu iandikwe kama ilivyo msione haya.

Kesho uende shuleni kwa mwalimu wa kemia, si wa bayolojia, umwambie akueleze kwa ukweli ile C+ ilipotelea wapi, karatasi ya nadharia au praktikali. Kama ni praktikali kwa sababu shule haikua na vifaa, hilo chuo kitalirekebisha. Kama ni moli na mahesabu, basi umepata kazi ya hio miezi.

Alafu niandikie tena ukishajaza lile daftari, unitajie kozi zilizofunguka na zilizofungwa, tuzipange pamoja kabla potali haijafungwa. Na mdogo wako mpe salamu zangu, umkumbushe maji, anywe hata kama hana kiu, joto la Malindi miezi hii ni kali na damu yake haitaki kukaukiwa.

Shangazi